Bima ya Ugonjwa Mkubwa: Soma Kabla ya Kutia Sahihi

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo



Mwezi huu sitaandika habari za mbolea wala za chanjo ya ng'ombe. Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wengi wa skimu hawapendi kulitaja nyumbani, nalo ni ugonjwa mkubwa, na fedha ambazo bima yaweza kumlipa mtu aliyepatwa nao. Najua wako watakaogeuza ukurasa. Mama mmoja aliniambia pale ofisini, "Karani, mtu akinunua bima ya kansa, si ni kama anaiita kansa ije?" Nikamwuliza kama siku alipopeleka ndama zake kuchanjwa alikuwa akiuita ugonjwa wa miguu na midomo uje. Akacheka, lakini hakukubali. Hata hivyo alinisikiliza mpaka mwisho, nami nawaomba ninyi pia mnisikilize.

Meza yangu iko karibu na mlango, na kwa hiyo huona mengi yasiyohusu kilimo. Mtu huja kuuliza bei ya ng'ombe watatu wa gredi kwa mara moja, naye anao wanne tu. Mwingine huuliza Bodi ya Ardhi itakaa siku gani, kwa maana anataka ruhusa ya kuuza nusu eka. Zamani ningedhani ni karo ya shule. Siku hizi nikiuliza, jibu mara nyingi ni hospitali. Ardhi ambayo baba zetu na babu zetu waliipata tangu mwaka 1962, wakailipia mkopo wa shamba na mkopo wa maendeleo kwa miaka mingi ya pareto na maziwa, yakatwa vipande kwa sababu ya uvimbe mmoja tumboni mwa mtu mmoja.

Basi bima hii ni kitu gani? Bima ya ugonjwa mkubwa si bima ya hospitali. Bima ya hospitali hulipa hospitali: kitanda, upasuaji, dawa. Bima hii haimlipi daktari. Hukulipa wewe mwenyewe, fedha taslimu, kwa mara moja, pale daktari anapothibitisha ya kuwa umepatwa na ugonjwa mmojawapo kati ya yale yaliyoandikwa katika hati yako. Ukishalipwa, fedha ni zako. Waweza kulipa deni, kuajiri mtu wa kukamua, kulipa karo, au kukodi chumba karibu na hospitali. Hakuna atakayekudai risiti.

Aliyeifikiria kwanza alikuwa daktari, tena mpasuaji, jina lake Marius Barnard wa Afrika ya Kusini. Ndugu yake, Christiaan Barnard, ndiye aliyeongoza kazi ya kumpandikizia mtu moyo wa mtu mwingine kwa mara ya kwanza, mjini Cape Town, mwezi wa Desemba mwaka 1967, na Marius alikuwa katika kundi hilo la wapasuaji. Katika kazi yake aliona jambo lililomsumbua. Wagonjwa wake waliongezewa maisha, lakini wakirudi nyumbani walikuwa maskini. Walipona kidonda wakaangamizwa na madeni. Akazishauri kampuni za bima zianzishe bima ya kumlipa mtu angali hai, maana bima ya maisha ilingoja mpaka afe. Ilianza kuuzwa huko mwaka 1983, na mwanzoni ilihusu mambo manne tu: mshtuko wa moyo, kiharusi, saratani, na upasuaji wa kurekebisha mishipa ya moyo. Leo hati nyingi zina orodha ndefu zaidi. Kushindwa kwa figo, kupandikizwa kiungo, upofu na kupooza huwamo mara kwa mara.

Huenda mtu akasema, "Hospitali nimeshailipia kwa serikali, fedha nyingine za nini?" Hilo ni swali zuri, na mimi niliyefundishwa ualimu kabla ya kuwa karani nitalijibu kwa hesabu, kama ubaoni.

Tuseme mama wa nyumba ameambiwa apigwe miale ya saratani siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki tano. Hawezi kwenda na kurudi kila siku kutoka huku kwetu, kwa hiyo yeye na binti yake wakodi chumba karibu na hospitali kwa siku 35. Kwa Sh. 500/- kwa siku, hiyo ni Sh. 17,500/-. Chakula cha watu wawili kwa Sh. 600/- kwa siku ni Sh. 21,000/-. Nauli ya wawili, kwenda na kurudi, tuseme Sh. 3,000/-. Nyumbani kibarua anakamua na kukata majani kwa Sh. 500/- kwa siku, ni Sh. 17,500/- tena. Na ng'ombe wanamjua mama. Kila mmoja kati ya wawili amepunguza kilo sita kwa siku, na maziwa ni Sh. 50/- kwa kilo. Sita mara mbili mara hamsini mara thelathini na tano ni Sh. 21,000/-. Jumlisheni. Mtapata Sh. 80,000/-, na hapo sijaandika hata senti moja ya dawa. Ni wiki tano tu. Bado mkopo wa chama unakatwa kila mwezi, na mtoto wa kidato cha tatu yuko shuleni akingojewa karo. Bei hizi nimezikadiria mwenyewe, nawe weka zako, lakini usiache mstari hata mmoja.

Fedha za mistari hiyo hazilipwi na bima ya hospitali. Ndizo zinazouza ng'ombe.

Lakini lazima niseme jambo hili kwa nguvu, kabla mtu hajakimbilia kampuni. La kwanza ni kulipia bima ya serikali. Mfuko wa NHIF ulioanza mwaka 1966 haupo tena. Chini ya sheria ya mwaka 2023, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilishika kazi hiyo tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Sisi wengine huulizwa maswali juu ya nyumba na mali, kisha hupangiwa kiasi chetu, nacho hakipungui Sh. 300/- kwa mwezi, na hulipwa cha mwaka mzima. Katika sheria hiyo iko pia hazina ya dharura na ya magonjwa sugu na mahututi, inayoanza kusaidia pale fungu la kawaida linapokwisha. Mafungu haya yana vikomo vyake, na saratani yaweza kuvifikia upesi. Hata hivyo, aliye nayo na asiye nayo si sawa hata kidogo. Tena wengi huniambia, "Mimi nimesajiliwa." Kusajiliwa si kulipa. Ukifika hospitali na jina bila malipo, utakuwa kama mtu aliyeandikisha maziwa yake chamani asipeleke hata kikombe.

Kwa maoni yangu, mkulima asiyeweza kulipa SHA asinunue bima ya ugonjwa mkubwa. Ni kuezeka paa kabla ya kusimamisha nguzo.

Wako pia watakaosema, "Tuna harambee." Kweli tunayo, nami nimetoa na nimechangiwa. Lakini angalieni mambo yalivyo sasa. Katika eneo langu zimepita wiki ambazo nimepata kadi tatu za michango, na nimeona mgonjwa wa kwanza akipata nyingi na wa tatu akipata kidogo, ingawa ugonjwa ni ule ule. Mwenye jamaa mjini huchangiwa vizuri. Mjane wa mwisho wa barabara hupata sahani ya chai na maneno ya pole. Harambee ni bima isiyo na hati, na kiasi chake hakijulikani mpaka siku yenyewe. Sisemi tuiache. Nasema tusiihesabu kabla haijafika.

Sasa niwaelezeni habari ya nyumba yetu wenyewe, ambayo nilisita kuiandika.

Kaka yangu mkubwa ni mkulima wa skimu kama ninyi. Mwaka 2019 wakala mmoja alikuja nyumbani kwake akamwuzia bima hii. Kaka hasomi Kiingereza vizuri, akaniita. Tulikaa sebuleni jioni, chai mezani, na wakala akajaza fomu yeye mwenyewe kwa haraka, akiuliza kwa mdomo. Walipofika kwenye swali la kama amewahi kutibiwa ugonjwa wa presha, kaka akasema ndiyo, anameza vidonge vya zahanati tangu mwaka 2017. Wakala akatabasamu. "Hiyo si ugonjwa, mzee, hiyo ni umri. Nikiiandika watakupandishia ada bure." Akaandika hapana. Kisha fomu ikaletwa kwangu niisome, nami nikaisoma, nikaiona ile hapana, nikanyamaza. Niliona ni jambo dogo. Kaka akatia sahihi.

Alilipa kila mwezi bila kukosa. Mwaka 2021 akapigwa na kiharusi akiwa zizini. Kampuni iliomba karatasi za hospitali, na katika karatasi hizo daktari alikuwa ameandika ya kuwa mgonjwa ana presha ya miaka kadhaa na anatumia dawa. Barua ikaja, kurasa mbili, ikisema ya kwamba hakueleza ukweli kwenye maombi yake na kwa hiyo hawatalipa. Nilimsomea kwa Kiswahili. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwa ulimi ule uliokuwa mzito, "Si wewe uliyeisoma?"

Sikuwa na jibu. Kati ya ng'ombe wake watano, watatu waliuzwa mwaka ule. Leo anatembea kwa fimbo, na eka moja ameikodisha kwa mtu wa viazi.

Nimefikiri sana juu ya kosa ni la nani. Kampuni ilishika mkataba wake, na mkataba ni mkataba. Wakala alisema uongo ili apate ushuru wake, na siku ya taabu simu yake haikupatikana. Mimi nilikuwa na cheti cha ualimu ukutani. Lakini nasema pia, bila kuogopa, ya kuwa kampuni inayopokea ada ya mkulima kwa miezi ishirini na kitu ingeweza kumwomba kadi yake ya kliniki siku ya kwanza. Haikuomba. Iliitafuta siku ya kulipa. Na fomu iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, ikatiwa sahihi na mtu anayesoma Kiswahili, haifai kuitwa maelezo yake. Ningependa kila kampuni inayouza bima huku mashambani ilazimishwe kutoa fomu na hati kwa Kiswahili, na wakala anayejaza fomu kwa mkono wake atie sahihi yake kando ya kila jibu. Si kazi ngumu. Hata kwenye kitabu cha dawa ya kuogesha ng'ombe tunatia sahihi.

Ng'ombe ndio wanaonisaidia kuieleza bima hii watu wakaielewa. Wanaowakatia ng'ombe bima wanajua ya kwamba daktari wa mifugo huja kwanza kumpima, akavikwa hereni sikioni, na thamani yake ikaandikwa. Hakuna kampuni itakayomkatia bima ng'ombe aliyekwisha kulala chini. Na binadamu ni hivyo hivyo. Ugonjwa uliokuwapo kabla ya bima kwa kawaida haulipwi, na yanayotokana nao yaweza kukataliwa pia. Ukieleza ukweli, huenda ukaongezewa ada, au ugonjwa mmoja ukatolewa katika orodha, au ukakataliwa kabisa. Hayo yote ni afadhali kuliko kulipa miaka miwili kwa ajili ya karatasi tupu.

Katika hati yenyewe, angalieni orodha ya magonjwa, kisha maelezo ya kila ugonjwa, maana hapo ndipo watu hujikwaa. Neno saratani halina maana moja. Hati nyingi hazilipi saratani iliyo changa kabisa, ambayo haijaingia ndani ya nyama ya jirani, ingawa daktari ameiita saratani. Kiharusi mara nyingi sharti kiache udhaifu unaoendelea kwa muda uliotajwa. Mtu aliyepooza mdomo asubuhi akapona jioni hatalipwa. Mshtuko wa moyo huthibitishwa kwa kipimo cha umeme wa moyo na cha damu. Na yasiyo kwenye orodha hayapo. Malaria haipo. Kuvunjika mguu hakupo. Kujifungua kwa upasuaji hakupo. Nimemwona mtu akileta karatasi za vidonda vya tumbo, amekasirika sana, na hati yake haikuvitaja hata mahali pamoja.

Halafu kuna siku mbili za kuhesabu. Ya kwanza ni muda wa kungoja baada ya kununua, ambao mara nyingi ni siku 90. Ukiugua ndani yake hulipwi. Ya pili ni siku ambazo mgonjwa hana budi awe hai baada ya ugonjwa kuthibitishwa, kwa kawaida kama 14 mpaka 30. Akifariki kabla yake, bima hii hailipi, labda kama imeambatanishwa na bima ya maisha. Na ikiwa imeambatanishwa, ulizeni kama fedha za ugonjwa zinatolewa juu ya zile za kifo au zinapunguza zile za kifo. Maana kuna hati ambazo fungu ni moja tu. Ukila leo, watoto watakuta kilichobaki. Si vibaya, bali ni vizuri mtu ajue.

Juu ya ada nina neno kwa watu wa viazi hasa. Mwenye maziwa hupata kila mwezi na aweza kulipa kila mwezi. Mwenye viazi hupata akivuna, na bei yenyewe tunaijua. Akichukua bima ya kulipa kila mwezi, atakosa mwezi wa tatu, na zikipita siku za msamaha bima huanguka na alichokwisha kulipa kwa kawaida hakirudi. Yeye na aulize kama aweza kulipa ya mwaka mzima mara moja baada ya mavuno. Kama haiwezekani, asiinunue, aweke akiba katika chama.

Nani basi inamfaa? Mimi naona inamfaa zaidi mtu wa miaka thelathini au arobaini, mwenye watoto wadogo na mkopo, ambaye SHA amelipa. Huyo ada yake huwa nafuu kwa sababu hupanda kwa umri, na akianguka nyumba yote inaanguka naye. Wazee wengi hawapokelewi wakipita umri fulani, na wakipokelewa ada ni kubwa mno. Mzee, usiuze mtamba ulipe ada hiyo.

Na akina baba, nisikilizeni hapa. Hati nyingi nilizosoma zina jina la mume peke yake. Nani anaamka saa kumi na moja kukamua? Nani anajua ng'ombe yupi anakataa mashine na yupi ana maziwa ya uvimbe? Katika nyumba nyingi za skimu, mama akilala shamba limelala, lakini kwa kampuni yeye hayupo. Kama fedha zinatosha kumwekea bima mtu mmoja tu, kaeni mezani mwulizane ni yupi akiugua kazi itasimama. Jibu huenda lisiwe lile mlilolizoea.

Njia iliyo bora kuliko kununua mmoja mmoja, kwa maoni yangu, ni kununua kupitia chama cha ushirika. Kampuni ikijua itapata watu 400 kwa pamoja, hukubali ada ndogo na mara nyingi maswali machache ya afya, na ada hukatwa kwenye malipo ya maziwa kabla hayajafika mfukoni. Vyama vingi vina bima ya mikopo tayari, nanyi mwafikiri imewakinga. Someni vizuri. Mara nyingi bima ile hulipa deni mwanachama akifa au akilemaa kabisa. Mgonjwa anayeishi anaendelea kukatwa. Ulizeni jambo hili kwenye mkutano mkuu wa mwaka, mapema, kabla ya soda kugawanywa, maana baada ya soda hakuna hoja inayosikilizwa.

Wakala akija nyumbani, mwulizeni cheti chake. Kampuni na mawakala hawana budi kuwa na kibali cha Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA, na waweza kuwauliza IRA wenyewe kama mtu huyo anajulikana. Lipeni kwa nambari ya kampuni, msilipe kwa simu ya wakala hata akiwa ni mtoto wa jirani. Kampuni ikikataa kulipa nanyi mwaona mmeonewa, IRA hupokea malalamiko. Kaka yangu na mimi hatukuwa na la kulalamikia, kwa maana sahihi ilikuwa yake na hapana ilikuwa pale.

Wenye hati nyumbani, hata kama ni ya zamani na mmeisahau sandukuni, ileteni ofisini. Kila Alhamisi tangu saa nane mchana nimepewa ruhusa kukaa na mtu yeyote tuisome pamoja kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila malipo. Njoo na ile fomu uliyojaza mwanzoni, kama ulipewa nakala, na kadi yako ya kliniki, tuziweke pande mbili tuone kama zinasema jambo moja. Kama hazikubaliani, tutaiandikia kampuni barua ya kusahihisha ungali mzima. Kaka naye huja siku hizo, hukaa kwenye benchi karibu na dirisha. Akisikia nimesoma haraka, hugonga sakafu kwa fimbo.